Mwenye Waya Si Bwana: Barua ya Wazi kwa BAKITA

Fundi simu na kompyuta,
Stendi ya Mabasi,
Mbinga, Ruvuma.

Katibu Mtendaji na Wajumbe,
Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA),
Dar es Salaam.

YAH: MAJINA YA NUSU MBILI ZA KIBODI

Ndugu Katibu Mtendaji, ndugu wajumbe,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi simu. Kazi yangu ni kubadilisha vioo, kukausha simu zilizodumbukia ndooni na kuflashi zile zilizogoma kuwaka, yaani kuziingizia programu upya. Kwa kawaida sina neno na Baraza, na Baraza halina neno nami. Ila msimu huu wa kahawa nililetewa kibodi iliyogawanywa katikati, na kabla sijamaliza kuitengeneza nikajikuta nimekwama kwenye maneno kuliko nilivyokwama kwenye nyaya. Maneno ni kazi mliyopewa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Ndiyo maana nabisha hodi.

Kibodi yenyewe ni ya karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, mama wa makamo ambaye kutwa huandika majina ya wanachama na kilo zao. Alianguka na bodaboda, bega la kushoto likapona nusunusu, na mkono ule haunyooki tena kufika mbele ya kompyuta. Mwanawe aliye Dar es Salaam akamtafutia kibodi ya vipande viwili, aina ya Corne, iliyobuniwa Japani. Ina vitufe 42, yaani 21 kila upande, na vipande vyake vinaunganishwa kwa waya wenye jeki kama ya spika za masikioni. Kila nusu unaiweka pale mkono wako unapofika. Mama yule aliiweka ya kulia mezani, ya kushoto akaipakata mapajani. Nikamchomekea waya wa kompyuta palepale dukani, ikaandika sawasawa, akaondoka anatabasamu.

Kesho yake asubuhi alirudi na karatasi mkononi.

"Fundi, kibodi yako imerogwa."

Alikuwa ameandika "kahawa", ikatoka "d;g;o;". Akaandika "mbinga", ikatoka "vnebh;". Akajaribu "nyasa", ikawa "bt;l;". Yote alikuwa ameyanakili kwa kalamu, kwa mwandiko wa karani, kila nukta mkato mahali pake.

Kwanza nilishuku kirusi, kisha nikashuku waya. Halafu nikaikalia ile karatasi kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kila palipotakiwa a pametoka nukta mkato. Kila k imekuwa d, kila n imekuwa b. Nikaweka vidole juu ya meza tupu kana kwamba nachapa. Herufi a iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, na nukta mkato iko chini ya kidole kidogo cha kulia. Herufi k ni ya kidole cha kati cha kulia, d ni ya kidole cha kati cha kushoto. Hapakuwa na uchawi. Kibodi ilikuwa inajiona kwenye kioo, kushoto kumekuwa kulia na kulia kumekuwa kushoto.

"Mama, nyumbani ulichomeka waya wa kompyuta kwenye nusu ipi?"

"Ya kulia. Tundu la kushoto la kompyuta yetu lilishakufa."

Hapo ndipo penye kisa chote, na naomba mnivumilie nikieleze kifundi kidogo, maana bila hilo ombi langu halitaeleweka.

Ndani ya kibodi mna programu dhibiti, ile inayokaa kwenye chipu ya kifaa chenyewe na si kwenye kompyuta. Ya mama yule inaitwa QMK. Chimbuko lake ni kazi ya Mjapani Jun Wako, ikaendelezwa na Jack Humbert, na sasa inatunzwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Programu hiyo haijui a wala k. Inajua mistari na safu tu, na kitufe ni pale mstari na safu vinapokutana. Anayetaka kuona jambo hili bila kufungua kibodi aje kwetu Umatengo atazame shamba la ngoro akiwa ng'ambo ya bonde. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza yakikatana hadi yafanye vyumba vya mraba, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, na mlima mzima unakuwa na mistari ya matuta na mashimo yaliyopangika. Ukisema "shimo la tatu, tuta la pili kutoka juu", mwenye shamba anajua pa kwenda. Programu dhibiti husoma vitufe kwa namna hiyohiyo.

Sasa, nusu moja ya Corne ile ina mistari 4 na safu 6. Programu huhesabu mistari 8 kwa jumla: 4 ya kwanza ni ya kushoto, 4 ya mwisho ni ya kulia. Lakini bamba la kushoto na bamba la kulia ni bamba lilelile, limegeuzwa tu kama chapati. Ukizitazama nusu mbili kwa macho ya umeme, zinafanana kama pacha. Ni lazima kila moja iambiwe wewe ni nani, na usipoiambia, programu inashika kanuni ya kubahatisha: nusu iliyochomekwa waya wa kompyuta ndiyo ya kushoto. Nyumbani kwa mama waya uliingia kulia. Nusu ya kulia ikajitangaza kushoto, mwenzake akasukumwa kulia, na kahawa ikawa d;g;o;.

Dawa zipo. Mbunifu wa kibodi anaweza kuiunga pini moja ya chipu na umeme kwenye nusu ya kushoto, na kuiunga na ardhi kwenye nusu ya kulia, ili kila nusu ikiwaka ijipapase na kujua. Bamba la mama halikuwa na pini hiyo. Dawa ya pili ni kuiandikia kila nusu mkono wake kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chipu. Chipu ile ina baiti 1,024 za kumbukumbu hiyo, na alama ya mkono hula baiti 1. Unaiflashi nusu ya kushoto kwa amri yenye mkia wa kushoto, na ya kulia kwa amri yenye mkia wa kulia, kila moja peke yake, basi. Umeme ukikatika haisahau. Ukija kuiflashi tena kwa sababu nyingine, alama inabaki.

Nakiri kwamba mara ya kwanza niliharakisha, nikaziwekea zote mbili alama ya kushoto. Kosa la namna hiyo lina ujanja: ukichomeka waya kushoto kila kitu kinakwenda sawa, kwa sababu nusu yenye waya inaamini iko kushoto na kumpa mwenzake upande uliobaki. Limejificha hadi siku mtu atakapochomeka kulia. Nikarudia kazi, safari hii nikachomeka upande huu na ule kabla sijasema imepona.

Nilipokuwa nikimweleza mama yule nilichofanya ndipo nilipojikwaa. Kwenye misimbo ya QMK, nusu yenye waya wa kompyuta na ile isiyo nao bado zinaitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya bwana na mtumwa. Ni mazoea ya zamani ya wahandisi. Wengine wameshaanza kuyaacha. Watunzaji wa lugha ya Python, kwa mfano, walianza kuyaondoa mwaka 2018. Mimi nikatafsiri neno kwa neno bila kufikiri: "Hii yenye waya ndiyo bwana, mama, na hii nyingine ni mtumwa wake."

Mama aliweka chini nusu aliyokuwa ameishika. Yeye kwao ni Liuli, ufukoni.

"Mwanangu," akasema, "kwetu ziwani neno hilo halichezewi."

Wajumbe, mnaijua historia hiyo kuliko mimi. Katika karne ya 19 majahazi yalivusha watu kutoka Nkhotakota, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wakashushwa ufuko huu wetu wa mashariki na kuswagwa kwa miguu hadi Kilwa. Kwa hiyo fundi wa Mbinga hana haki ya kumwambia mama wa Liuli kwamba mapajani mwake amempakata mtumwa, ati kwa sababu kitabu cha maelekezo kimesema hivyo. Nikaomba radhi. Kisha nikauliza swali ambalo ndilo lililozaa barua hii: "Sasa tuiiteje?"

Hakufikiri hata dakika. "Hiyo yenye waya inafanya nini?"

Nikamwambia: inasoma vitufe vyake, inapokea habari za vitufe vya mwenzake, halafu inakwenda kuisemea kibodi nzima mbele ya kompyuta.

"Si mshenga huyo?"

Ndugu wajumbe, nimekaa na neno hilo kwa wiki kadhaa nikilitafutia kasoro. Mshenga hupeleka maneno ya ukoo mzima kwa ukoo mwingine. Anasema kwa niaba ya wote, lakini hakuna anayemdhania kuwa ndiye bwana harusi. Ushenga si cheo cha kuzaliwa nacho: leo atakuwa baba mdogo, kesho jirani, inategemea nani yuko karibu na nani anafahamika kule waendako. Hivyo ndivyo ilivyo nusu ya kibodi. Ukichomeka waya kulia, ya kulia ndiyo mshenga. Ukihamisha waya, ushenga unahama. Na yule aliyebaki nyumbani? Kiswahili kina neno lake tayari, tunalisikia kila uchaguzi katika mgombea mwenza. Nusu mshenga na nusu mwenza. Mafundi wawili wa hapa stendi nimewaambia mara moja tu, na sasa wanayatumia kama waliyozaliwa nayo.

Uzuri wa maneno hayo si adabu peke yake. Yanatenganisha mambo mawili ambayo Kiingereza cha mafundi kimeyafunga fungu moja. Jambo la kwanza ni mkono: nusu hii ni ya kushoto au ya kulia. Hilo halibadiliki. Jambo la pili ni kazi: nani anasema na kompyuta leo. Hilo hubadilika. Ile kanuni ya kubahatisha ilimpotosha mama kwa sababu inasoma mkono kutoka kwenye kazi: mwenye waya ndiye kushoto. Fundi mwenye maneno mawili kichwani hatauliza swali moja. Atauliza, "Mkono wake umeandikwa?" kisha, "Mshenga ni nani?" Hata kwenye kibodi zisizo na waya, zinazotumia programu iitwayo ZMK, maswali ni hayohayo, ila majibu ni mengine. Huko ushenga hauhami kwa kuchomeka. Umepangwa tangu programu inapoundwa, na kwa kawaida hupewa nusu ya kushoto, ambayo kwa kazi hiyo humaliza chaji upesi kuliko mwenzake. Ukichomeka ya kulia kwenye kompyuta inapata chaji tu, haisemi neno. Mteja anadhani imekufa. Haijafa. Haikutumwa.

Sasa nije kwenye mkono wenyewe, maana huko nako kuna shida ya kwetu sisi peke yetu.

Baada ya kuziflashi nusu zile nilitaka kuziwekea alama kwa nje ili mama asizichanganye. Spika za masikioni zina herufi L na R za Kiingereza. Nikachukua wino, nikaandika K kwenye nusu ya kushoto. Nikageukia ya kulia, nikaandika K. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Kushoto ni K, kulia ni K. Nikafuta, nikafikiri niandike L kwa kulia. Lakini L kwenye spika za masikioni za kila kijana wa Mbinga ni kushoto. Nikajaribu KSH kwa kushoto, jirani yangu anayeuza vocha akauliza kama nimeanza kubadilisha shilingi za Kenya. Nikakata iwe SH, tukarudi kwenye shilingi za nyumbani. Mwishowe niliweka tone la rangi ya kucha kwenye nusu ya kushoto, ya kulia nikaiacha tupu. Rangi inafaa kwa kibodi moja. Haifai kwa nchi.

Kuna walionishauri nitumie kuume na kuke. Ni maneno ya Kiswahili, siyakatai. Lakini mnaona tunakorudi: tumetoka kwenye bwana na mtumwa, tunaingia kwenye mwanamume na mwanamke, mmoja mwenye nguvu na mmoja wa kusindikiza. Na hesabu haikubali. Chukueni sentensi ya watoto wa shule, "Wamatengo wanalima kahawa". Ina herufi 23. Kwenye kibodi ya kawaida, 14 kati ya hizo ni kazi ya mkono wa kushoto, na a peke yake ni 8, zote juu ya kidole kidogo kuliko vyote. Lugha yetu inaulemea mkono ule ule tuliofundishwa utotoni tusiutumie kula wala kupokea kitu cha mkubwa. Nilimwambia mama kwamba programu dhibiti inaniruhusu kuihamishia a kwenye dole gumba la kulia ili nimpunguzie bega. Akakataa. Vidole vyake vimejua a ilipo tangu enzi za mashine ya taipu, akasema, nisimhamishie kijiji.

Tena kuna swali la kulia kwa nani. Simameni Mbamba Bay mkitazama ziwa: Liuli na Lituhi ziko kulia kwenu, Msumbiji iko kushoto. Anayeingia na meli na uso wake umeelekea nchi kavu, Liuli iko kushoto kwake. Wote wawili wanasema kweli. Fundi naye hulehemu bamba akiwa ameligeuza tumbo juu, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa atakayechapa. Nimeshawahi kulehemu chipu upande usio wake kwa sababu hiyo, na kung'oa chipu iliyolehemiwa ni kazi ya kumwombea adui. Hapa naomba neno la kanuni liseme wazi: kulia ni kulia kwa anayechapa, aliyekaa mbele ya kibodi, si kwa anayeitengeneza.

Najua mtakaloniuliza. Kibodi moja, Mbinga yote, na fundi analiandikia Baraza la Taifa? Naam. Kwanza, jambo hili si la kibodi peke yake. Zile spika za masikioni zisizo na waya ni nusu mbili pia. Nyingi zina moja inayozungumza na simu na moja inayomfuata mwenzake, na zikikosana naletewa mezani kila wiki. Nawaambia wateja "hii imepoteana na mwenzake", kwa kuwa sina neno lingine. Pili, neno jepesi ni lile linalofika pamoja na kifaa. Kishikwambi lilikuwa neno la kuchekwa hadi Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipolizungusha nyumba kwa nyumba mikononi mwao. Baada ya hapo hata bibi yangu alilisema bila kujikwaa. Neno likichelewa, kifaa kinaingia na neno la kilikotoka, na likishazoeleka hamtaling'oa hata kwa semina kumi.

Kwa heshima zote, basi, ninaomba mambo matatu.

La kwanza, mjadili na, mkiona yafaa, msanifu "nusu mshenga" na "nusu mwenza" kwa vifaa vya vipande viwili, na muwaonye watafsiri wa maelekezo ya vifaa wasituletee bwana na mtumwa kwa Kiswahili.

La pili, mtupatie alama fupi za kushoto na kulia zisizogongana, zinazoweza kuandikwa kwenye kifaa kidogo kama punje ya mbuni, na kanuni kwamba upande ni wa mtumiaji. Mkishindwa kupata herufi, tupeni nukta: moja kushoto, mbili kulia. Hata asiyeona ataipapasa.

La tatu, kabla ya kuketi, piteni kwa mafundi. Sisi tuna maneno ambayo hayajaingia kamusini na yanafanya kazi kutwa. Kuflashi tumeshalizoea, msitunyang'anye. Na lile bora kuliko yote katika barua hii sikulibuni mimi. Lilitoka kwa karani wa kahawa mwenye bega bovu, aliyeuliza tu kifaa kinafanya kazi gani kabla ya kukipa jina.

Kibodi yake anaichukua Jumamosi. Barua hii nimeichapa juu yake, waya wa kompyuta ukiwa kwenye nusu ya kulia, kwa makusudi. Mkikuta nukta mkato mahali isipostahili, mtajua a yake imekwenda wapi, nami nitajua kazi yangu haijaisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa stendi,
Mbinga.